Sindano ya kuongeza damu si ya kuazimana

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu Nkuhungu alinijia jioni, akazunguka mbuyu weee, mwishowe akauliza kama mama yangu ana sindano za kuongeza damu zilizobaki. Mama husafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa sababu ya figo. Kijana ni mkimbiaji, anajiandaa kwa mbio za kilomita 21, na kasikia kwa wenzake kwamba sindano hiyo "inatia pumzi". Nilimnyima. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa, maana hata sisi tuliwahi kuitaka kwa pupa ileile.

Figo nzima hutoa homoni iitwayo erithropoietini, inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikichoka, amri haitoki. Ndiyo maana mama alinyweshwa choya na kulishwa matembele na kila shangazi aliyetoka Kondoa, na damu ikabaki 7 (ndiyo gramu za hemoglobini kwa kila desilita). (Matembele yenyewe, tuliambiwa baadaye, yana potasiamu nyingi, mgonjwa wa figo hayali tu anavyotaka.) Sindano, yenye homoni hiyo iliyotengenezwa kiwandani, ndiyo iliyomnyanyua. Ilipofika 10 akaanza kwenda mwenyewe soko la Majengo, nasi watoto tukaingiwa na tamaa: kwa nini isiwe 14 kama yetu?

Daktari alikataa. Basi mmoja wetu, simtaji, akaenda kununua nyingine duka la dawa, bila cheti, bila kuulizwa presha ya mama ni ngapi. Ikaja kwenye mkoba, juu ya bodaboda, jua la saa saba, ilhali dawa hiyo hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8. Tukamchoma. Safari iliyofuata ya kusafisha damu presha ilisoma 190 kwa 110. Siwezi kuapa kwamba sindano ndiyo iliyoipandisha. Nesi aliyempima hakugomba. Alituuliza tu kama tumewahi kupika uji ukazidi unga. Damu iliyojaa chembe kupita kiasi huwa nzito hivyo hivyo: moyo husukuma kwa taabu, mabonge huganda, na hata mshipa wa mkononi wanaoutumia kumsafishia damu unaweza kuziba.

Haya hayakuanzia Dodoma. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa hizi ziwekewe onyo lake kali kuliko yote, kwa sababu ya vifo, mshtuko wa moyo, kiharusi na, kwa wenye saratani, uvimbe kukua upesi. Mwaka 2009 ukatoka utafiti wa wagonjwa wapatao 4,000 wenye kisukari na figo dhaifu. Waliopewa dawa ili damu ifikie 13 walipata kiharusi karibu mara mbili ya wenzao. Na sisi tulikuwa tukimlilia daktari 14, kupita hata hiyo 13.

Sasa mtazame yule kijana. Figo zake nzima, damu yake imetosha, anataka kurundika juu ya iliyojaa. Kisha akimbie hapa kwetu, jasho limtoke, maji yapungue mwilini na damu izidi kuwa nzito. Adhabu ya riadha naiona ndogo kuliko hiyo, ingawa nayo ipo: dawa hii imepigwa marufuku michezoni tangu 1990, na tangu Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 hutafutwa kwenye mkojo. Jirani yetu Jemima Sumgong wa Kenya, bingwa wa marathoni Rio 2016, alifungiwa mwaka uliofuata kwa dawa hiihii.

Naomba mambo mawili kupitia gazeti lako. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, iwabane wauzaji wanaoitoa sindano hii bila cheti cha daktari. Na vitengo vya kusafisha damu vimpe kila mgonjwa kadi yenye wingi wa damu na presha ya karibuni, ili yeyote atakayeshika sindano, awe nesi au mtoto wa mgonjwa, asome kwanza. Sisi sasa tunaandika kwenye daftari la hesabu za mkaa.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma