Risala ya Chama cha Historia kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Historia Shuleni

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi, wanafunzi wenzangu, hamjambo!

Kwa niaba ya Chama cha Historia nakukaribisha kwa mikono miwili, Mheshimiwa. Tunajua una shughuli nyingine mbili jijini kabla ya jua kutua, na bado umekubali kuketi nasi. Hiyo ni heshima kubwa kwetu.

Chama hiki kilianzishwa mwaka 2016 na wanafunzi 9 na mwalimu mmoja. Leo tuko 73. Tumepiga hatua kubwa sana tangu wakati huo. Tumezuru Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue mara mbili, tumeshika nafasi ya tatu katika mdahalo wa shule za kanda yetu, na hakuna shule jirani ambayo haijasikia habari zetu. Ya historia ya chama ni hayo.

Mheshimiwa, mtaala wa umilisi, ambao wenzetu wa Gredi ya 10 wameingia nao sekondari mwaka huu, unataka mwanafunzi awe na fikra tunduizi. Sisi tulikuwa tumeanza. Naomba nieleze somo moja tu. Mwalimu alitugawia karatasi mbili kuhusu Hola, kambi ya kizuizini ya wakati wa Mau Mau, ambako wafungwa 11 walikufa tarehe 3 Machi 1959. Ya kwanza ilikuwa na taarifa ya serikali ya kikoloni, kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Ya pili ilieleza yaliyobainika uchunguzi ulipofanywa: walikuwa wamepigwa. Mwalimu hakutuambia tuamini ipi. Alituuliza nani aliandika, lini, alimwandikia nani na alikuwa na haja gani, kisha akaketi. Darasa likanyamaza kwa muda. Halafu msichana wa kidato cha tatu, ambaye hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake darasani, akasema: "Mwalimu, pengine maji waliyanywa kweli. Uongo umekaa kwenye hilo neno 'baada ya'."

Tangu siku hiyo hakuna anayesoma gazeti katika shule hii bila kutafuta "baada ya" yake. Kuna wazazi waliotuuliza kama haya yataleta alama kwenye mtihani wa KCSE. Yanaleta, wazazi wetu. Lakini hata yasingeleta, tungeomba tuendelee kufundishwa hivi.

Sasa Mheshimiwa, karatasi hizo zinakaa wapi? Zinakaa kwenye sanduku la bati, la kupelekea nguo bwenini, chini ya meza ya mwalimu katika chumba cha walimu. Likihitajika, wanafunzi wawili hulibeba hadi darasani, karatasi hutandazwa juu ya madawati ya wanafunzi 58, na dakika 40 zikiisha hukusanywa mbiombio kabla mwalimu wa hesabu hajaingia. Kila mara kuna inayopotea. Mvua ya Aprili ilipoingia chini ya mlango, tulipoteza nakala zetu zote za habari za Machi 1922, watu walipopigwa risasi hapa Nairobi walipokuwa wakidai Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, aachiliwe. Ripoti ya serikali ilihesabu waliokufa kuwa 21, wengine wakataja idadi kubwa zaidi, na tulikuwa tumezipanga hesabu hizo bega kwa bega. Wino wote ulichanganyika.

Lililotuuma zaidi ni hili. Mwaka jana mzee mmoja wa Makadara alikuja kutusimulia Operesheni Anvil ya Aprili 1954, msako mkubwa wa wakoloni hapa Nairobi dhidi ya Mau Mau, alivyoona akiwa mtoto wanaume wa mtaa wao wakipandishwa malori. Alikuja na kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, cha babake, bado kikiwa ndani ya kikopo chake cha bati chenye kamba ya kuvalia shingoni. Alitaka kukiacha shuleni. Akatuuliza, "Wanangu, mtakiweka wapi?" Tulitazamana. Akakifunga tena kwenye leso, akarudi nacho. Mzee wetu alitutoka mwezi wa Februari, na hatujui kipande kile kiko wapi.

Wazee wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London, kesi yao ilipata nguvu mwaka 2011 kwa mafaili ya kikoloni yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park, huko huko Uingereza. Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa walalamishi 5,228, jumla ikiwa pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi. Mafaili hayo yalikuwepo kwa sababu kuna mahali yalipowekwa.

Chumba chetu cha historia kilianza kujengwa mwaka 2021, nyuma ya jikoni. Kuta zimefika kwenye lenta zikasimama hapo. Mpapai umeota katikati ya sakafu, na mwaka huu umeanza kuzaa. Mgeni wetu wa 2022 alituahidi mabati, tukashangilia. Mgeni wa 2024 alituahidi mabati hayo hayo na milango juu yake, tukashangilia tena. Barua tatu za kukumbusha tulizipeleka sisi wenyewe kwa mkono. Hatusemi haya kumvunjia mtu heshima, kwani tunajua viongozi wetu wana mizigo mingi. Tunayasema kwa sababu wanafunzi waliochimba ule msingi walishamaliza shule bila kuketi ndani yake.

Kwa unyenyekevu tunaomba mabati 64 na mbao za paa, milango miwili ya chuma, vyuma vya madirisha, na kabati moja la chuma linalofungika. Basi tunalihitaji, kompyuta tunazihitaji, ila leo hatuziombi. Wazazi wameshanunua saruji na mchanga, na fundi ni mzazi wa hapa hapa, amesema hatatutoza hata shilingi.

Mheshimiwa, tuna daftari la wageni. Kwenye ukurasa wa 2022 na ule wa 2024 tuliandika sisi yaliyosemwa, kwa kuwa wasemaji waliondoka bila kutuachia maandishi, na kama tunavyofundishwa, neno la aliyesikia halina uzito wa mkono wa aliyesema. Wewe tumekuwekea ukurasa mzima. Tunakuomba, kabla hujaondoka, utuandikie kwa mkono wako utakachotusaidia, na tarehe yake. Daftari na kalamu viko mezani mbele yako, kando ya maua.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.

Ni sisi wako watiifu,
Katibu, kwa niaba ya Chama cha Historia