Rafu ndefu haijakamilika mpaka ifungwe ukutani

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa makazi hivi karibuni ulikuwa na picha ya rafu ya vitabu inayokaribia kugusa dari, imesimamishwa kando ya kitanda cha mtoto. Maelezo yalisifu rangi zake, mpangilio wa vitabu, na jinsi chumba kidogo kinavyopata nafasi kwa kwenda juu badala ya kutanuka pembeni. Hayo yote ni kweli. Lakini hapakuwa na neno hata moja kuhusu kinachoizuia rafu ile isianguke, na kwa kadiri nilivyoitazama picha, hakuna kitu kinachoizuia. Mimi ni seremala na rafu za namna hiyo ndizo zinazonipa riziki, kwa hiyo nasema hili kwa uzito wote: rafu ndefu ambayo haijafungwa ukutani ni kazi ambayo haijaisha, hata kama imepigwa vanishi na kulipiwa.

Wateja huniuliza, "Fundi, mbona ni nzito, itaangukaje?" Uzito hauwalindi kama wanavyodhani. Chukua rafu yenye kimo cha sentimita 180, kina cha sentimita 30, na uzito wa kilo 24 ikiwa tupu. Ukiishika ukingo wa juu na kuivuta mbele, nguvu inayolingana na kuinua kilo 2 tu inatosha kuifanya miguu ya nyuma iachie sakafu. Hesabu yake si ngumu. Uzito wa rafu huitetea kwa nusu ya kina chake, yaani sentimita 15, lakini mkono unaoivuta una sentimita 180 nzima za kufanyia kazi. Gawanya 180 kwa 15, unapata 12: kila kilo 12 za rafu hushindwa na kilo 1 ya mkono. Ikishainama kama nyuzi 9 na nusu, hakuna haja ya kuendelea kuivuta, itakuja yenyewe. Ukipanga vitabu vizito juu na kuacha chini patupu, zinatosha nyuzi 7 hivi. Ukiushusha uzito mpaka kitovu chake kiwe sentimita 60 kutoka sakafuni, zinapanda hadi 14. Ndiyo maana kamusi kubwa, mashine ya kushonea na maboksi ya mafaili vinastahili tabaka la chini kabisa. Hata hivyo, nyuzi 14 bado ni chache panapokuwa na mtoto chumbani.

Mtoto anayejifunza kupanda hukanyaga ubao wa chini, hushika wa tatu au wa nne, kisha huegemea nyuma ili aone kilichoko juu. Hapo mwili wake uko nje ya miguu ya mbele ya rafu, na mikono yake inavuta. Nawaomba wazazi wasiweke juu mdoli, rimoti wala kitu chochote ambacho mtoto anakipenda, maana wanakuwa wamempa sababu ya kupanda.

Wapo watakaosema natia chumvi. Nchini Marekani, mwaka 2016, kampuni ya IKEA iliwaita wateja warudishe au wafunge makabati ya droo yapatayo milioni 29 baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Mwishoni mwa 2022 ikasainiwa sheria huko, na tangu Septemba 2023 makabati mapya ya nguo hupimwa kwa majaribio yanayoiga uzito wa mtoto na droo zilizo wazi. Lakini sheria hiyo inahusu makabati ya nguo. Rafu ya wazi ya vitabu haimo. Anayebaki kuilinda ni aliyeitengeneza na mwenye nyumba ilimosimama.

Kabla ya kufikiria ukuta, tazama sakafu, kwa sababu hapa ndipo rafu nyingi huharibikiwa bila mtu kujua. Sakafu ikishuka sentimita 1 tu kati ya miguu ya nyuma na ya mbele, ukingo wa juu wa rafu niliyoitaja unasogea mbele sentimita 6. Jicho hulizoea jambo hilo upesi, pima maji haidanganyiki. Zulia linalotandikwa ukuta hadi ukuta nalo lina mtego wake: pembezoni huwa limenasishwa kwenye kipande cha ubao, kwa hiyo miguu ya nyuma ikikanyaga hapo, rafu inanyanyuka nyuma na kuinamia chumba. Dawa ni kabari nyembamba za mbao ngumu au plastiki chini ya miguu ya mbele, hadi rafu isimame wima au iegemee ukuta kidogo sana. Karatasi zilizokunjwa zisitumike. Hubonyea polepole chini ya uzito, na baada ya muda rafu inarudi ilikokuwa.

Rafu inayoyumba kushoto na kulia ina ugonjwa mwingine, na ukuta peke yake hauutibu vizuri. Mara nyingi mgongo wake haupo au umeshikwa na misumari michache. Pima kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha pima kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, rafu iko mraba. Hapo ndipo upigilie hadibodi au plaiwudi kuzunguka kingo zote. Asiyetaka mgongo uliofunikwa aweke vipande viwili vya bapa la chuma vinavyokatana katikati.

Sasa ukuta. Funga sehemu ya juu ya rafu, pande zote mbili, kwa kona za chuma au mikanda imara iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Gundi na utepe wa kunata visitegemewe. Skrubu iingie kwenye ubao mnene wa pembeni au wa juu, kamwe isiingie kwenye hadibodi ya mgongoni. Nimeitwa kutazama rafu zilizofungwa kwa hadibodi: zilipovutwa, hadibodi ilibaki ukutani na rafu ikaja mbele. Kama ubao wenyewe ni chipubodi, yaani chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, skrubu fupi hung'oka na unga wake, kwa hiyo mimi hupitisha bolti ng'ambo hadi ng'ambo na kuikaza kwa nati na washa pana.

Skatingi, ule ukanda wa mbao au vigae unaopita chini ya ukuta, huisukuma rafu mbele, na juu panabaki uwazi. Watu wengi hupinda kona ya chuma ili ifike ng'ambo ya uwazi huo, na chuma kilichopindwa hivyo hujinyoosha kikivutwa. Afadhali ukate miguu ya nyuma iipishe skatingi, au uweke nyuma ya rafu, huku juu, ubao wenye unene uleule.

Kwenye ukuta wa tofali au zege, toboa kwa drili yenye biti ya milimita 8, uvuke plasta na kuingia ndani ya tofali lenyewe. Usitoboe kwenye kiungio kati ya tofali na tofali. Toa vumbi lote tunduni, maana vumbi likibaki, kishikilio cha plastiki huzunguka badala ya kubana. Skrubu iwe na urefu wa sentimita 6 au zaidi, kwa sababu sehemu inayopita kwenye plasta haina kazi yoyote. Ukuta wa jipsamu hauna nguvu wenyewe. Nguvu iko kwenye nguzo za ndani. Pitisha sumaku ndogo ukutani, itanasa mahali vichwa vya skrubu vilipofichwa, na hapo ndipo nguzo ilipo. Nguzo zisipolingana na rafu yako, funga ubao wa kulala kwenye nguzo mbili, kisha funga rafu kwenye ubao huo. Na popote pale, usitoboe juu wala chini ya swichi, soketi au bomba, kwa maana nyaya na mipira ya maji hupita humo.

Kikwazo ninachokutana nacho zaidi ya vyote ni cha wapangaji. Wanajua rafu ni hatari, wako tayari kunilipa nifunge, ila mwenye nyumba amekataza kutoboa. Baadhi wameniuliza habari za zile nguzo za kurefusha zinazobana kati ya fanicha na dari, ambazo watu wa Japani huzitumia kwa sababu ya matetemeko ya ardhi. Zinasaidia pale dari ilipo ngumu. Dari nyepesi ya jipsamu huinuka tu, na nguzo inabaki pambo.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba wanaosoma gazeti hili waongeze mstari mmoja kwenye mikataba yao: mpangaji aruhusiwe kutoboa ukuta kwa ajili ya kufunga fanicha ndefu, naye azibe anapohama. Kuziba kwenyewe ni kung'oa plastiki kwa koleo, kujaza tundu kwa puti, kuacha ikauke, kupiga msasa na kupaka rangi ya ukuta. Fundi wa rangi yeyote anaifanya, na mpangaji mwenye mkono mzuri anaweza kuifanya mwenyewe.

Wenu,
Fundi seremala, msomaji wa siku nyingi