Nimwambie mume wangu alichosema daktari?

Shikamoo Shangazi,

Ninakuandikia alfajiri hii, usingizi umenipaa. Wiki ijayo narudi kupasuliwa titi lilelile, kwa sababu majibu ya maabara yameonyesha kuwa ukingo mmoja wa nyama waliyotoa bado una seli za saratani.

Kabla ya upasuaji wa kwanza, wakati mamogramu na ultrasaundi vilionyesha uvimbe mmoja mdogo, nilimwomba mume wangu tulipie MRI ya matiti, kipimo cha picha za ndani kwa sumaku, kwa kuwa bima iliikataa. Alijibu, macho yakiwa kwenye simu, kwamba hicho ni kipimo cha matajiri, na mwezi huohuo akapeleka mabati ya nyumba ya mama yake. Sina kinyongo na mama mkwe. Nimemuuguza kwa mikono yangu na yeye ni shahidi. Lakini mume wangu hakuuliza hata bei.

Tangu majibu yatoke nimemwambia, hata mbele ya ndugu zake, kuwa kisu hiki cha pili ni chake. Siku hizi hajitetei tena. Analala sebuleni, na juzi aliniletea fedha za kipimo ndani ya bahasha, amekopa kazini.

Nilipokwenda kuulizia kipimo hicho, daktari alinieleza kuwa utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wanawake 1,623, ulilinganisha waliopigwa MRI kabla ya upasuaji na wasiopigwa, na katika kila kundi takriban 19 kati ya 100 walirudi kupasuliwa. Alisema kipimo hicho huweza kufichua uvimbe mwingine, lakini seli chache za ukingoni huonekana kwa darubini tu, na wakati mwingine vivuli kwenye picha za MRI humfanya mwanamke aondolewe titi zima pasipo haja.

Kwa hiyo huenda ningerudi hata kama tungelipa. Ninaelewa, Shangazi, lakini hakuuliza bei. Nikimwambia, ndugu zake watasema nilimsingizia. Nikinyamaza, atalipa deni la kosa ambalo pengine si lake. Sitaki aendelee kulala sebuleni, wala sitaki arudi chumbani kana kwamba hapakuwa na neno.

Kama wapanue palepale au watoe titi lote, hilo nitaamua mwenyewe na daktari. Je, ni lazima ajue kabla sijalazwa, au nina haki ya kusubiri mpaka yeye aniulize nilikuwa naogopa nini siku ile nilipomwomba?