Choo kimoja, serikali mbili

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Mokowe, kaunti ya Lamu, mwaka wa kumi na nne sasa. Darasa langu limo ndani ya kiwanja cha shule ya msingi, mlango wake unatazamana na mlingoti wa bendera. Watoto wangu wa PP2, darasa la mwisho la chekechea, wakimaliza mwaka huvuka hatua kama ishirini za mchanga na kuingia gredi ya kwanza. Kwa hatua hizo ishirini wamehama serikali. Mimi nimeajiriwa na kaunti, mwenzangu wa gredi ya kwanza ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Darasa langu lilijengwa na kaunti, lake lilijengwa kwa fedha za CDF, mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya maeneo bunge. Mfereji wa maji ni mmoja.

Masika ya mwaka jana ukuta wa choo cha watoto wadogo ulibomoka. Nilipanda bodaboda hadi ofisi ya kaunti, nikaambiwa choo kimo katika kiwanja cha shule ya msingi, nimwone afisa wa wizara. Huko nikaelezwa kwamba serikali kuu humhesabia mwalimu mkuu shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, na kwamba watoto wa chekechea hawamo katika hesabu hiyo. Wote wawili walinijibu kwa adabu. Wote wawili walinisomea sheria jinsi ilivyo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kwa wiki sita niliwapeleka watoto wa miaka minne wawili wawili hadi choo cha wakubwa, darasa likibaki bila mtu. Kuna kijana mmoja alikuwa akijizuia mpaka saa ya kwenda nyumbani, mamake akaja kuniuliza mbona mwanawe analia tumbo kila jioni. Sikuwa na la kumwambia. Mwisho wazazi walichanga, fundi akasimamisha ukuta kwa siku mbili.

Nayaandika haya kwa sababu tunajengewa jiji. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilianza kazi Mei 2021, na mpango wa LAPSSET, wa kuiunganisha bandari hiyo na Sudan Kusini na Ethiopia, una reli, uwanja wa ndege na mji mpya wa kitalii. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu nzima, visiwa na bara. Daftari langu linaonyesha mambo yanavyobadilika: mwaka wa sensa nilikuwa na watoto 31, mwaka huu ninao 68, na katika hao wapo waliozaliwa Kitui, Garissa na Kisii. Karibuni. Wakishaandikwa katika daftari langu ni wanangu. Lakini katika mkutano mmoja wa kuonyeshwa ramani niliuliza shule zitakaa wapi, nikajibiwa kwamba shule zitafuata watu wakishahamia.

Nilipokuwa nasomea diploma nilipewa kazi ya kuandika kuhusu Milton Keynes, mji ambao serikali ya Uingereza iliamua mwaka 1967 kuujenga katikati ya mashamba na miji midogo kama Bletchley na Wolverton, kwa lengo la watu robo milioni. Kulikuwa na shirika la kuendeleza mji, lenye ardhi, barabara na nyumba. Shule lakini zilikuwa chini ya baraza la kaunti ya Buckinghamshire, lenye makao Aylesbury. Maana yake nao walikuwa na wenye nyumba upande huu na wenye madarasa upande ule, na ilibidi wapange pamoja. Mwaka 1974 ilifunguliwa Stantonbury Campus, shule ya sekondari iliyowekwa pamoja na ukumbi wa maigizo na kituo cha michezo vya kutumiwa na watu wa mji. Mwaka 1997 mji ukapewa mamlaka yake, na shule zikatoka mikononi mwa kaunti. Sisemi kila kitu chao kilikuwa kizuri. Kilichonikaa moyoni ni kwamba mzazi wa kule alijua mlango mmoja wa kubisha kwa mambo ya shule: kwanza ule wa kaunti, baadaye ule wa mji wake.

Hapa kwetu Katiba ya 2010 imeipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, ikaiachia serikali kuu msingi na sekondari. Sipingi mgawo huo; kabla yake walimu wa chekechea tulilipwa na wazazi, mwezi mwingine tukakosa. Ila Katiba hiyohiyo, kifungu cha 187, inaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine jukumu kwa makubaliano. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliunda bodi ya elimu katika kila kaunti. Basi bodi yetu na iwaite wanaopanga bandari na mji, iwaite kaunti na wizara, waandike karatasi moja: katika kiwanja chenye chekechea na msingi pamoja, nani anatengeneza choo, nani analipa maji, nani anajenga ua.

Kisha ardhi. Tangu habari za bandari zianze, mashamba kutoka Hindi hadi Kililana yamekatwa vipande vya kuuzwa, na kila wiki naona vigingi vipya njiani nikienda kazini. Shule zilizopo zipewe hati za viwanja vyao, na viwanja vya shule zitakazokuja vipimwe sasa, viwe katika ramani kabla ya ploti ya hoteli kuuzwa. Mtoto wa miaka minne hawezi kutembea kilomita tano kando ya barabara ya malori ya bandari, na mwalimu hawezi kununua ardhi kwa bei ya wafanyabiashara.

Kikao hicho kikiitwa, hata kama ni Jumamosi, sisi walimu wa chekechea wa Mokowe tutafika na madaftari yetu, tangu la 2019 mpaka la mwaka huu.

Mwalimu wa chekechea,
Mokowe, Lamu