Barua ya wazi kwa wenye mabasi, meli na ndege: siku ya ajali, waliofiwa kwanza

Kwenu wamiliki, wakurugenzi na mameneja wa kampuni za usafirishaji, wanangu na wadogo zangu,

Salamu nyingi kutoka Mwanza. Maisha yangu ya kazi yamepita kwenye ofisi za usafirishaji na sasa nimestaafu. Nina jambo moja la kuwausia, nanyi mlishike wakati huu mkiwa salama, kwa sababu siku ya ajali hakuna mwenye utulivu wa kujifunza. Neno la kwanza la kiongozi ni haki ya jamaa wa abiria. Wanahabari, bodi, bima na wizara wasubiri zamu yao.

Mara nyingi naona mambo yanakwenda kinyume. Mkurugenzi anajifungia na mwanasheria na ofisa uhusiano, wanaandika taarifa ya Kiingereza kwenye karatasi yenye nembo, wanaisahihisha mpaka jioni. Huku nje picha za ajali zimeshazunguka makundi yote ya WhatsApp, na mama amemtambua mwanawe kwa shati alilovaa akiondoka nyumbani.

Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines, safari ET302, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita tu baada ya kuruka Addis Ababa. Watu wote 157 walikufa, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Siku hiyohiyo mkuu wa shirika, Tewolde GebreMariam, alikwenda mwenyewe eneo la ajali akapigwa picha amesimama kwenye mabaki. Namheshimu kwa hilo. Lakini ndege ilikuwa inakwenda Nairobi, na pale uwanja wa Jomo Kenyatta jamaa walikuwa wanangoja wageni wao. Wapo waliozipata habari kwenye simu zao kabla ya mtu yeyote kuwaendea na kuwaambia kitu. Kiongozi hawezi kuwa mahali pawili. Basi awe na mtu wake mwenye cheo kila mahali ambapo jamaa wanasubiri, aliyepewa ruhusa ya kusema.

Boeing, waliounda ndege hiyo ya 737 MAX, ndio walionisikitisha zaidi. Ilikuwa ya pili kuanguka ndani ya miezi mitano, baada ya ile ya Lion Air ya Indonesia iliyoua watu 189. Mkuu wao, Dennis Muilenburg, aliomba radhi kwa video mwezi Aprili. Mwezi Oktoba aliitwa mbele ya Baraza la Seneti la Marekani, na jamaa wa marehemu wakakaa nyuma yake wakiwa na picha za wapendwa wao. Alipokuwa anatoka, mama mmoja aliyempoteza binti yake katika ET302 alimwambia ageuke awatazame watu anapowaomba radhi. Akageuka, akamtazama, akasema samahani. Miezi saba ilikuwa imepita tangu ajali, na mama wa marehemu ndiye aliyelazimika kumfundisha mkuu wa kampuni namna ya kutoa pole. Kabla mwaka haujaisha, bodi ilimwondoa.

Mfikirieni pia Tony Fernandes, aliyekuwa mkuu wa shirika la ndege la AirAsia. Ndege yake ilipopotea Desemba 28, 2014 ikiwa na watu 162, alikwenda Surabaya siku hiyohiyo, walikokuwa jamaa, na akawa anatoa habari mwenyewe kwa jina lake. Uchunguzi ulikuja kuonyesha hitilafu ya kifaa ambayo ilikuwa imejirudia mara nyingi katika ndege ile, kwa hiyo sisemi kampuni ilikuwa safi. Nasema watu walijua wamuulize nani.

Sasa niseme la kwetu. Huwezi kumfikia jamaa usiyemjua. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipozama hapa jirani, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na mpaka leo hatuna idadi ya uhakika ya waliokufa. Tazameni orodha zenu za mabasi leo: "Mama Asha, siti 14", hakuna jina la pili wala namba ya simu, mtoto aliyepakatwa hakuandikwa, na aliyepandia njiani hayumo kabisa. Mkipata ajali mtasema nini, na mtamwambia nani? Jina kamili, simu ya abiria na simu ya ndugu mmoja: hiyo ndiyo kazi ya mawasiliano, na inafanyika siku ambayo hakuna ajali.

Nimewahi kumwona binti wa dirisha la tiketi akizungukwa na watu wanaouliza, "Mwanangu yumo?" Hana jibu. Makao makuu yamemwambia asiseme chochote. Mwishowe akafunga dirisha, akainama chini ya meza akilia, na watu wakaanza kulipiga mawe. Aliyemwacha pale bila neno la kuwaambia ndiye aliyeharibu. Wafanyakazi wenu wa dirishani, makondakta na wapokea simu wapeni habari mapema kama mnavyoipa bodi.

Mkisema, semeni kwa Kiswahili, kwa mdomo wa kiongozi mwenyewe. Semeni mnachokijua, mkiri msichokijua, kisha mtaje saa mtakayorudi kuzungumza. Ikiwa mmesema saa kumi, saa kumi muwepo hata kama hamna jipya. Msikimbilie idadi. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022 ikiwa na watu 43, ilitangazwa kwanza kwamba manusura ni 26. Baadaye ikathibitika ni 24, na 19 wamefariki. Siku ile ilikuwa ngumu kwa kila mtu na simlaumu yeyote, ila kwa anayesubiri jina la ndugu yake, tofauti ya watu wawili ni kubwa mno. Wala msimtaje dereva kwamba alikuwa mzembe kabla ya uchunguzi. Naye ana mke na watoto wanaosikiliza redio.

Mwanasheria atawaambia mkitoa pole mmekiri kosa. Msikilizeni kuhusu mambo ya mahakama, lakini msibani nendeni. Kaeni kwenye jamvi pamoja na watu. Msiende na kamera.

Na msitoweke baada ya mazishi. Jamaa wa ET302 walipewa kwanza udongo wa eneo la ajali ili wawe na kitu cha kuzika, wakasubiri miezi mingi mabaki yatambuliwe kwa vinasaba. Muda wote huo mtu anataka kujua kazi imefikia wapi. Mteueni mtu mmoja kwa kila familia, jina lake lijulikane, apige simu yeye bila kungoja kupigiwa. Na namba mliyoitangaza siku ya kwanza iendelee kupokelewa mpaka mwili wa mwisho utambuliwe na begi la mwisho limfikie mwenyewe.

Ni mimi mzee wenu,
Mwanza