Uru za Bayern si mawingu

Ndugu Mhariri,

Salaam. Kwenye ukurasa wenu wa michezo mliandika habari za beji za timu za Ujerumani mkasema zile uru (maumbo kama ya uru ya karata) za bluu na nyeupe za Bayern Munich ni anga na mawingu ya kule kusini. Jamani hapana. Najua hata wenyeji huwa wanawaambia watalii hivyohivyo, ila ukweli wake ni mtamu zaidi maana ndani yake kuna mirathi.

Zile uru zilikuwa za makabaila wa Bogen, watu wa kandokando ya mto Danube. Bwana wa mwisho wa Bogen, Albert wa nne, alichangia mama mmoja na Otto wa pili wa ukoo wa Wittelsbach waliokuwa wanatawala Bayern, yaani jimbo lenyewe, si timu. Mama yao alifiwa na mume akaolewa huko kwa Wittelsbach. Sasa 1242 Albert akafa hana mtoto, ardhi yake ikaangukia kwa Otto, na Wittelsbach walivyochukua ardhi wakachukua na ngao humohumo. Wakakaa nayo mpaka 1918 mfalme wao alipokimbia usiku mapinduzi yamepamba moto, ila uru hazikukimbia naye, zimo kwenye nembo ya jimbo iliyopitishwa kwa sheria 1950 na kwenye beji ya timu mnayoishangilia kila wikiendi.

Mimi naishi huku Marburg, jimbo la Hessen, na ningependa wasomaji wenu wajue habari ya simba wetu maana ndo inayonifurahisha kuliko zote. Polisi wa huku wana nembo ya jimbo begani: ngao ya bluu, simba kasimama kwa miguu ya nyuma, mwili mzima ana mistari ya fedha na nyekundu, hana taji kichwani. Panda treni uvuke kwenda Eisenach, mwendo wala si mrefu, tayari uko jimbo lingine la Thüringen. Mwangalie polisi wa pale begani. Simba yuleyule! Mistari ileile, bluu ileile, tofauti yake huyu ana taji la dhahabu na amezungukwa na nyota nane. Mtu asiyejua atadhani wameigana.

Hawajaigana, waligombania urithi. Zamani hizo Hessen na Thüringen zilikuwa chini ya mtawala mmoja, na simba alikuwa wa ukoo wake. 1247 mtawala huyo, Heinrich Raspe, akafa bila mtoto, na hapo ndo ugomvi ulipoanza maana upande mmoja kuna mtoto wa dada yake, bwana wa Meissen (eneo la mashariki ya Thüringen), na upande wa pili kuna Sophie wa Brabant, binti wa kaka yake, ambaye mama yake ni yule Mtakatifu Elisabeth ambaye Wakatoliki wengi wanamjua. Sophie hakutaka kusikia. Mwaka uliofuata mume wake akafariki, yeye akamchukua mwanae wa kiume, mtoto wa miaka mitatu tu, akaja naye hapa Marburg akamsimamisha mbele ya watu kwamba huyu ndo bwana wenu. Sanamu yao iko sokoni mjini mpaka leo, mama na mtoto. Wakapigana weee mpaka 1264, mwisho wakagawana, Thüringen ikaenda kwa Meissen na Hessen ikabaki kwa mtoto wa Sophie, na simba hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake kwa hiyo kila mmoja akabaki naye.

Na si stori za kusimuliana tu, ushahidi upo. Kuna ngao ya vita ya Konrad, ndugu wa huyo Heinrich Raspe, aliyekufa 1240, bado ipo hapa Marburg. Ni mbao imevikwa ngozi na simba mwenyewe kainuliwa kwa ngozi juu yake, yaani ukimwangalia unaona misuli. Zile nyota za Thüringen ni za juzi tu: saba ni za vijidola vilivyoungana kuwa jimbo 1920, ya nane wakaiongeza kwa ajili ya maeneo yaliyokuwa ya Prussia, dola kubwa la zamani la Ujerumani.

Hata sisi Tanganyika tulinusurika kupewa nembo ya namna hii. 1914 ofisi ya makoloni Berlin ilichora ngao za makoloni yote, ya kwetu ikawekwa kichwa cha simba, halafu vita ikaanza na ngao zikabaki kwenye karatasi. Kwa maoni yangu yule hakuwa simba wa mtu, alichaguliwa na makarani mezani. Hakuna aliyemrithi wala aliyepigana kwa ajili yake.

Sasa Mhariri, najua mtaendelea na timu nyingine, nawaomba mkifika Stuttgart muwe makini. Jimbo lao la Baden-Württemberg limeundwa 1952 kwa kuunganisha watu wasiopendana sana, na kwenye ngao wakaweka simba watatu weusi wa ukoo wa Staufer, watawala wa zamani wa huko, ukoo ambao kijana wao wa mwisho alikatwa kichwa Naples 1268. Mimi naona walichagua kwa akili, maana marehemu hana upande. Ila beji ya VfB Stuttgart haina hao simba, ina pembe tatu nyeusi za kulungu, na hizo ni za ukoo wa Württemberg. Msije mkaandika kwamba Wajerumani wanapenda kuwinda.

Msomaji wenu,
Marburg, Ujerumani