Visawe vya vitenzi si jedwali la kukariri

Ndugu Mhariri,

Kila unapokaribia mtihani wa darasa la saba, karatasi za fotokopi zenye jozi za visawe huanza kuzagaa Unguja na Pemba. Tazama ni angalia, rudi ni rejea, subiri ni ngoja, na kuendelea hadi zifike mia na zaidi. Mtoto huzikariri, mzee wake humshikia karatasi amsikilize. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini karatasi hizo huwaponza watoto kwenye maswali ya vitenzi hasa, na namna ya kuwafundisha bila ya kuzitegemea.

Chukua hiyo rudi. "Baba amerudi kutoka Wete": hapo kisawe ni amerejea, hapana ubishi. "Mama alimrudi mwanawe alipomtukana jirani": hapo ni alimtia adabu. "Kanzu imerudi baada ya kufuliwa": hapo imefupika. Aliyekariri kwamba rudi ni rejea ana jibu moja kwa maswali matatu. Tua nayo ni hivyo hivyo. Ndege ikitua Kisauni imeshuka, jua likitua limekuchwa, mchukuzi akitua gunia ameliteremsha, na moyo ukitua umetulia. Mtungaji wa mtihani anayajua haya vizuri. Ndiyo maana hulipigia mstari neno likiwa ndani ya sentensi, halafu katika majibu manne akatia kisawe cha maana nyengine kabisa ya neno lile lile. Mtoto wa karatasi hulirukia hilo.

Dawa yake ni mpango wa kusoma swali. Mtoto aisome sentensi mpaka nukta huku amefunika majibu kwa kiganja. Aseme moyoni neno lake mwenyewe linaloweza kukaa pahala pa lile lenye mstari. Hapo tena ndipo afunue na kutafuta lililo karibu na alilolisema. Akianza na majibu, yote manne yatamwita.

Akishachagua, alipachike neno ndani ya sentensi na kuisoma tena. Jaribio hili hufichua jozi ambazo hata sisi walimu huziandika ubaoni kwa mazoea. Ghairi na ahirisha si visawe: aliyeahirisha safari ya Pemba ataondoka siku nyengine, aliyeghairi hendi tena. Azima na kopa nazo zinapishana. Ukiazima baiskeli utairudisha baiskeli ile ile. Ukiikopa, umeinunua na deni unalo. Fariki ni kisawe cha kufa, lakini andika "mbuzi amefariki" uone kama msahihishaji hatocheka. Hasira haina shida sana: kasirika, ghadhibika na hamaki hubadilishana katika sentensi nyingi.

Mtego mwengine ni vitenzi majirani. Nazi huanguliwa, hufuliwa, huvunjwa, hukunwa, kisha tui likakamuliwa na kuchujwa. Vitenzi hivyo sita vinahusu nazi moja na hakuna kati yao kilicho kisawe cha chenziwe, lakini mtoto akivikuta pamoja kwenye majibu huona vyote vinafanana kwa kuwa vyote vinamkumbusha jiko la kwao. Karafuu nazo huchumwa, huchambuliwa, huanikwa. Mtoto ajiulize: tendo ni lile lile, au ni linalofuata?

Sasa umbo la kitenzi, ambako ndiko alama nyingi zinakomwagika, hasa pale mtoto anapotakiwa aandike jibu mwenyewe. Kisawe lazima kivae nguo zile zile: nafsi, wakati, hali ya kukanusha na kauli. "Mgeni alilakiwa bandarini Mkoani." Wengi huandika alipokea, na mara moja mgeni amegeuka kuwa mwenyeji. Jibu ni alipokewa, kwa sababu lakiwa ni kauli ya kutendwa.

Kigumu zaidi ni mwisho wa kitenzi. Vitenzi vingi vyenye asili ya Kiarabu, kama subiri, fikiri, jibu na samehe, haviishii kwa a, na irabu yao ya mwisho haibadiliki katika kukanusha. Vya Kibantu vinavyoishia kwa a hubadilika. Kwa hiyo hasubiri ni hangoji, siyo hangoja. Hafikiri ni hawazi. Kwenye kuamuru kwa adabu, asubiri ni angoje. Lakini wakati uliopita ukikanushwa, a hurudi pahala pake: hakusubiri ni hakungoja. Mtoto akiona hakungoja na hangoji katika wiki moja bila ya kuelezwa sababu, ataanza kubahatisha. Dakika kumi za ubao zinatosha kulimaliza jambo hili, na ajabu ni kuwa karatasi za jozi haziligusi kamwe, kwa sababu zimeandika mashina matupu.

Liko na suala la lugha ya nyumbani. Mtoto wa hapa anasema kukoga, kukosha vyombo, kukaa kitako. Akiyaandika, hukatwa kwa kalamu nyekundu na kuambiwa hicho si Kiswahili. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, kwa hivyo maneno hayo hayahitaji kuombewa radhi. Mwambieni tu kwamba kwenye mtihani oga, osha na keti ndiyo salama, kisha mwandikieni jozi hizo daftarini. Visawe amekuja navyo kutoka kwao. Kazi imebaki kumwonesha kipi kiandikwe wapi.

Kwa mazoezi, vitenzi 5 kwa siku, siku 6 za wiki, vinatosha. Siku ya saba arudie alivyokosea tu. Kila kitenzi kipate sentensi mbili zenye maana tofauti, kila sentensi na kisawe chake, halafu sentensi moja igeuzwe kuwa ya kukanusha. Akitumia kamusi, afundishwe kwanza kuvua viambishi: alipigiwa haimo kwenye herufi A, inatafutwa kwenye piga. Na daftari lipangwe kwa vitenzi, siyo kwa tarehe, ili rudi ikikutwa tena mwezi wa pili iongezewe maana pale pale ilipo.

Ombi letu kwako, Mhariri: utenge kijisanduku kila wiki chenye sentensi 5 za namna hii, majibu yatoke toleo linalofuata. Ya kwanza tunakutolea sisi: "Mvuvi alipaa changu ufukweni." Majibu: alipanda, aliparuza magamba, aliruka, alikaanga. Tunakutahadharisha kwamba wengi watajibu alipanda.

Walimu wa Kiswahili,
Chake Chake, Pemba.